Lyon wanalipia vichochoro, sisi Dodoma eti "hakuna kitu"

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, mtanisamehe. Kulikuwa na tesiti mbili, kulikuwa na kazi ya kundi ambayo kundi zima lilikuwa mimi, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki. Leo naandika, sio kwamba nimeshiba, ila nina hasira. Mkiona sentensi zinakimbia mjue ndiyo hiyo.

Kisa chenyewe ni safari ya darasa. Sisi wa ualimu, kila mwaka watu wa Historia tunapanga safari ya mafunzo. Mwaka huu kamati ikaja na Zanzibar, siku tatu, mchango laki na themanini kwa kichwa. Mimi nikanyoosha mkono kwenye grupu la WhatsApp kwa heshima zote, nikasema jamani, wapo wenzetu ambao laki na themanini ndiyo chakula cha miezi miwili. Kwa nini wasiokwenda Zanzibar tusitembezwe hapahapa Dodoma, kwa miguu, na mwenyeji? Yupo mzee mmoja mstaafu wa reli, anaujua mji huu kama kiganja chake, tumchangie tu kidogo.

Weee! Nilichekwa hadi simu ikaganda. Mmoja akaandika, "Yaani nilipie kwenda Majengo? Si nakwenda kila Jumamosi kununua nyanya?" Mwingine, "Dodoma unaona nini zaidi ya vumbi na upepo?" Wa tatu, huyu nilimheshimu mpaka siku hiyo, akasema, "Huyo mzee kama ana uzalendo atutembeze bure."

Mngecheka na mimi ningekaa kimya, nimeshazoea. Tatizo ni kwamba siku mbili tu nyuma, kwenye grupu hilohilo, watu haohao walikuwa wanatokwa na mate. Dada mmoja wa darasani ana binamu yake anasoma Ufaransa. Binamu alikwenda Lyon, akamlipa mwenyeji wa pale amtembeze kwa miguu nusu siku, yeye peke yake. Picha zikamwagwa. Na kiukweli ni nzuri, sikatai. Kuna vile vichochoro wanaviita traboules, njia zinazopita ndani ya majengo, unaingia mlango wa mtaa huu unatokea mtaa wa pili. Wafumaji wa hariri, wakiitwa canuts, walipitisha vitambaa humo visilowe mvua. Mwaka 1831, na tena 1834, wafumaji hao waliinuka kudai malipo ya haki, ikamwagika damu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, waliokuwa wakiwapinga Wajerumani wakavitumia vichochoro hivyohivyo kuwakwepa. Mji mkongwe wa Lyon umekuwa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1998. Haya yote binamu aliambiwa na mwenyeji wake, akatuandikia, na grupu zima likawa "wow", "siku moja na mimi", "Mungu nifungulie njia".

Sasa tulieni kidogo. Binamu alilipia nini pale? Vichochoro. Alilipa euro zake ili mtu amwingize kwenye uchochoro unaonuka unyevunyevu, amwambie nani alipita hapo, amebeba nini, na anamkimbia nani. Ukimwondoa yule mwenyeji unabaki na ukuta na mlango. Kama ni ukuta na mlango, hata sisi tunavyo.

Naongea kwa sababu nilikwenda. Kabla ya kulipeleka wazo kwenye grupu nilikwenda mwenyewe na wenzangu watatu: wawili nakaa nao chumba kimoja na mmoja ni dada wa Jiografia. Mzee tulimfahamu kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stesheni. Tulipofika saa moja na nusu asubuhi alikuwa ameshavaa kofia na koti, akatupokea na "Mbukwenyi!" na sisi tukajibu kwa kucheka kama wageni, maana tuna miaka zaidi ya miwili hapa na salamu ya Wagogo hatujaijua kujibu. Nilijisikia vibaya, ila alituvumilia.

Alituanzia stesheni. Sio ile ya SGR, ambayo tangu treni za umeme zifike Dodoma mwaka 2024 kila mtu ameshapiga nayo picha. Ile ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na mji tunaouita Dodoma uliota kando yake. Mzee alifanya kazi kwenye reli zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo hapo tulikaa karibu saa nzima. Alituonyesha jinsi mtu anavyosikia treni kwenye chuma kabla haijaonekana. Akatuonyesha hoteli kongwe inayotazamana na stesheni, iliyoanza kama hoteli ya reli, akatuambia vyeo vya nani walilala wapi (hiyo sehemu sina ushahidi nayo, naipita). Kisha akatuuliza kama tunajua ndege za London kwenda Cape Town zilikuwa zinatua Dodoma. Tukaguna. Nilirudi hosteli nikatafuta, na ni kweli tupu: Imperial Airways walipoifungua njia hiyo mwaka 1932, Dodoma ilikuwa kituo kati ya Moshi na Mbeya. Dada wa Jiografia alikuwa ametoka kufanya mtihani wa mambo ya usafirishaji. Hakuwahi kulisikia hilo.

Tukavuka kwenda mjini. Njiani anatupa majina. Tambukareli, maana unaivuka reli. Jamatini, kwa sababu ya jamatkhana ya Waismailia, jina ambalo kila mmoja wetu ameshalisikia kwa makonda na hakuna aliyewahi kujiuliza. Tulipofika Uhindini akasimama katikati ya barabara, bodaboda zinampigia honi, akatuuliza, "Ninyi wajukuu zangu mnaosomea ualimu. Mji huu ni wa nani?" Tukasema, wa Wagogo, babu. "Sasa kwa nini kuna Uhindini na hakuna Ugogoni?"

Kimya. Wanne, wa chuo kikuu, kimya kabisa.

Akatueleza mwenyewe, taratibu, jinsi wakoloni walivyoukata mji: Wazungu upande wao, Wahindi na maduka yao, Mwafrika kule pembeni na awe na sababu ya kuonekana jioni. Halafu ikaja serikali yetu wenyewe na mamlaka ya kustawisha makao makuu, ile CDA iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, ikagawa viwanja na kuviita Area A, Area C, Area D. "Mkoloni alitupa majina ya watu wengine," akasema, "sisi tukajipa herufi." Nimesoma madesa mengi ya ukoloni na mipango miji. Hakuna hata moja lililoniingia kama sentensi hiyo.

Na hapo ndipo ninapowashangaa mnaosema Dodoma hakuna cha kuona. Huu ni mji uliochorwa ili uonwe kwa miguu! TANU waliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, na mwaka 1976 kampuni ya Kanada, Project Planning Associates ya Toronto, ikatoa mpango mkuu. Ule mpango haukutaka mji wa kujionyesha, haukutaka maghorofa ya kumtisha mwananchi. Ulimtanguliza mtembea kwa miguu, baiskeli na basi, gari binafsi likafuata. Mji wa ujamaa, vitongoji vilivyounganishwa kwa njia za watu. Leo pita Kisasa au Nkuhungu saa saba mchana uniambie mtembea kwa miguu ametangulizwa wapi. Huo tayari ni mjadala wa semina nzima, na ungeweza kuufanya ukiwa umesimama kwenye mtaro wenyewe. Pale Nyerere Square, mbele ya sanamu, mzee alitusimulia alivyosikia tangazo la kuhamia Dodoma redioni akiwa kijana. "Nikasubiri. Nikaoa, nikazaa, nikajenga, nikastaafu. Makao makuu hayajafika." Bunge lilikuja 1996, serikali ikatangaziwa kuhama kweli 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mzee kaishi ndani ya sera moja maisha yake yote. Sisi tunaikariri kwa nukta tano.

Hata jina la mji. Sote tunajua ya tembo: alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, watu wakasema idodomya, amezama. Basi. Mzee alipofika upande wa Kikuyu alicheka, akasema hiyo ni ya watoto, wakubwa wana nyingine. Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala, wakabakiza mikia. Wahehe walipokuja kudai, wakakuta mikia imechomekwa kwenye tope. "Ng'ombe wenu? Hao hapo, wamezama." Idodomya! Sijui ipi ya kweli, na pengine hakuna. Lakini nyie mnaokwenda fildi kumfundisha mtoto wa kidato cha kwanza vyanzo vya historia, masimulizi ya mdomo, hebu niambieni mtamfundisha kwa mfano gani? Mfano wenyewe ndio huu, hadithi mbili za jina moja, moja inamsifu mnyama na nyingine inamsifu mwizi mjanja. Mtoto angekesha anaibishia.

Kuna kitu kimoja sikutaka kukiandika kwa haraka. Tulipofika Majengo tukakaa kunywa kahawa, na mzee akasimulia Mtunya. Mimi mwanafunzi wa Historia nikauliza, Mtunya ndiyo nini babu? Akaniangalia vile.

Ni njaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa na Wajerumani wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yakaiteka Dodoma, nayo yakachukua. Kisha mvua ikakataa. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilikufa njaa, na mafua makali ya miaka ile yakamalizia. Inakadiriwa walikufa watu wapatao 30,000. Bibi yake mzee alikuwa mtoto. Alimsimulia kwamba watu walikwenda kuitafuta reli wakiamini penye reli pana chakula, na wengine hawakufika. Mzee hakulia wala nini, alisimulia huku anatikisa kikombe. Sisi ndio tuliacha kunywa.

Mwaka wa kwanza niliandika kwenye mtihani, athari za vita kuu ya kwanza Afrika Mashariki, nukta ya nne: njaa na magonjwa. Nikapata maksi. Njaa ile ilikuwa na jina, ilikuwa hapa, chini ya vimbweta ninavyosomea, na sikujua. Halafu mtu ananiambia hakuna kitu Dodoma.

Nyie wa Kiswahili nanyi msijifiche. Ngonjera mnazipenda, mnazichambua, mnajua ni nani aliyezieneza: Mathias Mnyampala, mwenyekiti wa UKUTA, mwandishi wa historia, mila na desturi za Wagogo iliyotoka 1954. Mmoja aniambie bila kugusa simu kazaliwa wapi. Ihumwa! Mwaka 1917. Ihumwa hii mnayopita kwenye basi mkienda Dar, jirani na mji wa serikali Mtumba. Tunamsoma kama vile alitoka mwezini.

Haya, hoja zenu. Nimezisoma zote, mia na kitu.

Kwamba mzee hana cheti, na mengine anayosema hayana ushahidi. Kweli, na nimeshasema kuna sehemu nimeziacha. Lakini wewe unasomea nini hapa? Si tunafundishwa jinsi ya kupima chanzo, kulinganisha, kuuliza? Sasa chanzo kimekaa kwenye benchi na kahawa mkononi, wewe unadai kije na muhuri. Na yule wa Lyon, mlimwomba cheti? Mlimwamini kwa sababu alikuwa Lyon.

Kwamba Dodoma kuna jua na hakuna kivuli. Hilo nalikubali lote. Tuliotembea mpaka saa sita tulijuta, dada wa Jiografia alikuwa mwekundu machoni kwa vumbi, na njia za waenda kwa miguu sehemu nyingine ni wazo tu. Ndiyo maana mtu anaanza saa moja.

Kwamba Zanzibar ni lazima. Mimi sina ugomvi na Zanzibar. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, nendeni, mkirudi mnisimulie. Ila jiulizeni kwa nini Zanzibar ni Zanzibar. Wale wenzetu waliamua kwamba mlango una hadithi, kwamba uchochoro una hadithi, na kwamba anayeijua alipwe. Hata papasi wa pale anayekufuata hadi hotelini ameshaielewa biashara ambayo sisi wasomi tunaicheka. Na urithi wa dunia mkoani kwetu pia upo, michoro ya mapangoni ya Kondoa, kule Kolo, iliorodheshwa 2006. Darasa letu lina watu zaidi ya mia. Nimeuliza waliowahi kufika: wawili, na mmoja ni mzaliwa wa kule. (Na zabibu je? Mfaransa anavuna mara moja kwa mwaka, mkulima wa Dodoma anavuna mara mbili. Ila hiyo niiache, nitaandika nyingine.)

Iliyobaki ni ile ya uzalendo, atutembeze bure. Kuna mtu akaniletea na mfano, akasema huko Paris wapo wenyeji wanaotembeza wageni bila malipo. Ni kweli, wapo, wanaitwa Greeters, walianza Paris 2007 kwa kuiga wenzao wa New York walioanza 1992. Wanajitolea. Lakini ndugu yangu, mtu hujitolea mwenyewe, hajitolewi na wenzake. Huwezi ukakaa hosteli unapigwa feni ukamjitolea mzee wa watu atembee juani saa nne nzima kwa niaba yako. Dereva wa basi la kwenda bandarini hamjamwomba uzalendo. Nahodha wa boti hamjamwomba. Uzalendo mmemtafutia mtu mmoja tu, yule ambaye bidhaa yake iko kichwani na haionekani.

Na hapa lazima niseme langu, maana mwenzangu wa chumba atasoma hapa na atanichoma. Mzee aliomba elfu ishirini kwa wote wanne. Mimi ndiye niliyepatana naye. Nikamwambia babu, sisi wanafunzi, bumu halijatoka, nikamshusha, nikamshusha, mpaka elfu nane. Wenzangu walinipigia makofi. Nilijiona mjanja. Jioni ileile nikala chipsi kuku na soda, nikalipa elfu saba peke yangu, na muuzaji sikumpunguzia hata mia. Chipsi kuku! Mzee alinipa Mtunya kwa elfu mbili.

Sijalala vizuri na hilo. Kwa hiyo hasira yangu nusu ni ya kwenu na nusu ni yangu. Lakini walau ya kwangu naweza kuilipa: namdai mwenyewe elfu kumi na mbili, na nimeshazitenga kwenye bahasha, hata kama itabidi wiki hii nile maharage kwa mkopo.

Nimeongea naye. Amekubali kutupeleka tena Jumamosi hii, kwa watu wasiozidi kumi na tano, maana sauti yake haifiki mbali siku hizi. Elfu tano kila mtu, na sipatani, msinifuate inbox. Tunakutana stesheni ya zamani saa moja kamili asubuhi, ya Mungu sio ya wanafunzi. Njoo na kofia, maji, na daftari la kweli, sio simu tu. Wanaokwenda Zanzibar nao wanakaribishwa, safari yao ni mwezi ujao. Na tafadhali, kabla ya Jumamosi mtu ajifunze kuijibu ile salamu, tusimwaibishe tena babu wa watu.

Nafasi zimebaki kumi na moja. Wa kwanza kujiandikisha, mtashangaa, ni yule wa nyanya.